Mlango Uliouzwa, na Bei Khiyari Tuliyoisahau

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu na Siyu hata Mombasa, Pangani, Bagamoyo na Mji Mkongwe wa Unguja, ipo huzuni moja isiyofikishwa barazani wala isiyoandikwa magazetini, kwa kuwa aliye nayo huona haya kuitaja: ni huzuni ya mtu aliyeuza kwa hiari yake, kwa fedha aliyoihesabu kwa mkono wake mwenyewe, kitu alichokirithi kwa wazee wake, kisha miaka ikapita, shida iliyomfanya auze ikaondoka, na nafsi ikabaki inakidai. Aghalabu kitu hicho ni mlango wa nakshi. Pengine huwa ni sanduku la msaji lililopigwa misumari ya shaba, au kiti cha enzi cha mpingo kilichotiwa vipande vya pembe, au sahani za Kichina zilizokuwa zikikaa katika zidaka. Lakini mlango ndio mkubwa wao, na ndio nitakaousema leo, maana namna unavyouzwa na namna unavyotafutwa baadaye ni ushahidi wa ustadi mmoja wa biashara ambao wazee wetu walikuwa nao na sisi tumeuacha utupotee.

Asiyepata kukaa katika nyumba za mawe huenda akastaajabu kwamba watu wazima hulilia mbao. Mlango wa kale wa pwani ni kazi ya vipande vingi vinavyotegemeana: miimo miwili ya kando, kizingiti cha juu ambacho fundi hukimiminia nakshi kuliko mahali pengine pote, mbawa mbili za kufungulia, na mfaa, ule ubao wa kati unaofunika mwanya baina ya mbawa hizo. Fundi wa Lamu hakuchonga kama fundi wa Unguja, na hapo Unguja penyewe mwenye jicho hutambua zama kwa kutazama juu tu: milango iliyo mizee zaidi ina kizingiti kilichonyooka, na ile yenye upinde wa mviringo ilizidi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi walipokuwa wengi mjini, na Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alipokuwa akijenga majumba yake, Beit al-Ajaib la mwaka 1883 likiwa mojawapo. Mara nyingi juu ya kizingiti huandikwa aya ya Kurani, na pengine mwaka wa Hijiria. Msafiri Mwingereza Richard Burton, ambaye kitabu chake juu ya Unguja kilitoka mwaka 1872, aliona kwamba heshima ya mwenye nyumba katika mji ule ilipimwa kwa ukubwa wa lango lake na uzito wa kufuli lake. Naye hakuwa mtu wa kutusifu bure.

Jambo lenye uzito zaidi katika mazungumzo haya ni kwamba mlango huo haukutundikwa katika nyumba baada ya nyumba kwisha. Miimo ilisimamishwa mapema, na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukapandishwa ukiikumbatia, hata ikawa kuung'oa mlango ni kuubomoa ukuta uliouzunguka. Katika kauli ya mafakihi, mlango uliosimama katika miimo yake huingia katika uuzaji wa nyumba hata kama haukutajwa, kwa kuwa ni sehemu ya nyumba. Ukishang'olewa ukalazwa uani, ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Kwa hiyo mtu anayekubali mlango wake uondoke hauzi kitu kilichokwisha kuwa bidhaa, bali hukigeuza kitu kiwe bidhaa siku ile ile, kwa patasi na mtaimbo, na ukuta ukabaki na jeraha ambalo mvua za masika hulijua kabla ya wenye nyumba kulijua.

Wanunuzi wanafahamu haya yote, na ndiyo sababu hawaji na mtaimbo siku ya kwanza. Hutangulia dalali, ambaye si mgeni: ni mtu wa mtaa, mwenye kuamkiwa, anayejua ni nyumba gani ina mgonjwa anayepaswa kupelekwa India kwa matibabu, ni nyumba gani ina kijana aliyepata nafasi chuoni na karo haijapatikana, na ni nyumba gani dari yake ya boriti za mikoko imeoza na wenyewe wamehamia chumba cha nyuma. Dalali husema kwa upole kwamba mlango umekwisha kuliwa na mchwa upande wa chini, jambo ambalo huenda likawa kweli. Kwamba mlango mpya wa mbao za kisasa na kitasa cha ufunguo una amani zaidi kwa zama hizi za wezi, jambo ambalo pia huenda likawa kweli. Na kwamba yupo mtu wa kutoa fedha taslimu kesho asubuhi. Simlaumu mtu aliyekubali. Mwenye mama mgonjwa akakataa fedha kwa ajili ya nakshi ni mtu ambaye mimi nisingependa kuwa jirani yake. Ninachokitazama ni mapatano yenyewe, maana pale katika mapatano, wakati fedha haijahesabiwa na mlango ungali umesimama, ndipo tulipokuwa na uwezo ambao baadaye hatuna.

Watu hudhani kwamba majuto ya muuzaji ni majuto ya bei, yaani kwamba aliuza rahisi kitu kilichokuja kuwa ghali, na kwa kweli ulimwengu umejaa visa vya namna hiyo. Mwaka 1873, katika nchi ya Guyana iliyokuwa ikiitwa British Guiana, mvulana wa miaka 12, Vernon Vaughan, aliiona stempu ya senti moja miongoni mwa barua za nyumbani kwao, akaiuza kwa shilingi sita ili anunue stempu nyingine. Stempu ile ile iliuzwa mnadani New York mwaka 2014 kwa dola zaidi ya milioni 9. Tunacheka, tunamsikitikia, tunaendelea na shughuli zetu. Lakini kijana yule alipoteza hesabu tu, maana stempu haikuwa imechapishwa kwa ajili ya ukoo wake, wala hakuna shangazi aliyekuja siku ya Idi akasimama barazani akatafuta mahali pa kuweka mkono. Aliyeuza mlango wa babu yake, hata mkimlipa leo tofauti yote ya bei, atazichukua fedha na kushukuru, na huzuni yake itabaki vile vile. Hili ni la kukumbukwa, kwa sababu wako watetezi wa urithi wanaodhani kwamba watu wa pwani wakielezwa thamani ya sokoni ya vitu vyao wataacha kuviuza. Kinyume chake ndicho nilichokiona: mwenye shida akishaelezwa kwamba mlango wake una thamani ya maelfu ya dola, ndipo hasa anapomtafuta dalali.

Basi majuto yakishaingia, mtu huanza safari ya kutafuta, na safari hiyo ina vituo vinavyojulikana. Huanza katika maduka ya vitu vya kale, kama yale ya Gizenga na Hurumzi, ambako aliyenunua husema, pengine kwa ukweli kabisa, kwamba aliuza mwezi ule ule kwa mtu wa hoteli. Hotelini meneja husema kwamba yeye ni mgeni na alizikuta mbao hizo mahali zilipo. Pengine mlango umevuka bahari na umekuwa meza ya kulia chakula katika nchi isiyojua ni upande gani wa mbao hizo uliokuwa ukielekea barabarani. Na anayebahatika kuuona tena mlango wake hugundua jambo ambalo hakuna aliyemwonya: kwamba kitu kilichouzwa hakingojei. Miimo imekatwa ili iingie katika nafasi nyembamba zaidi. Rangi ya moshi wa miaka mia imesuguliwa ikatoka, na mafuta mapya yamepakwa. Misumari ya shaba imeongezwa pale ambapo haikuwapo, kwa kuwa watalii hupenda misumari. Mbawa za mlango mmoja zimeozeshwa na kizingiti cha mlango mwingine, ndoa isiyo na walii wala mashahidi. Muuzaji husimama mbele ya kitu ambacho nusu yake ni chake, na huambiwa bei kwa dola.

Hapo ndipo watu hukimbilia serikali, na hapo ndipo inapofaa tuseme wazi sheria inaweza nini na haiwezi nini. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, ambayo hutumika upande wa Tanzania Bara, inauhesabu mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu kinacholindwa; na sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inasema vivyo hivyo, ila mwaka wake ni 1946. (Kwa hiyo mlango uliochongwa mwaka 1943 unalindwa ukiwa Lamu na haulindwi ukiwa Bagamoyo, sijui fundi wake angesemaje.) Unguja, ambako mambo ya kale si mambo ya Muungano, ina sheria zake na ina Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliyoanzishwa mwaka 1985, na mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu ikafuata mwaka 2001. Sheria hizi ni njema, na laiti zingetekelezwa kwa ukali zaidi bandarini na katika viwanja vya ndege. Lakini maana yake ni kuzuia kitu kisiuzwe au kisitoke nchini bila ya kibali. Hazikuwekwa ili zimrudishie muuzaji alichokiuza. Afisa akiukamata mlango bandarini, ameuokoa kwa ajili ya taifa, na uwezekano ni mkubwa kwamba utalala katika ghala la serikali, si katika ukuta wa nyumba ulikotoka. Anayetaka mlango wa babu yake hawezi kuridhika kwa kuambiwa kwamba mlango ungali Tanzania.

Kabla ya kulia, liko swali ambalo wengi hawaliulizi, na ambalo kwa mtazamo wangu lingerudisha milango mingi kuliko dua na fedha: ni nani aliyeuza? Nyumba za ukoo katika miji yetu aghalabu ni mirathi isiyogawanywa. Babu amekufa, watoto wake wamekufa baadhi yao, wajukuu wametawanyika Muskat, Dubai, London na Toronto, na katika nyumba amebaki mmoja tu, kaka au mtoto wa kaka, ambaye kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki hujiona kuwa ndiye mwenyewe. Huyu ndiye anayejiwa na dalali, na huyu ndiye anayeuza. Lakini sheria ya mirathi haikumpa nyumba kwa sababu ya kukaa kwake. Dada zake wana mafungu yao, na fungu la mwanamke, ijapokuwa ni nusu ya fungu la nduguye, ni fungu kamili kwa haki. Mama kama yu hai ana lake. Na mtu hawezi kuuza fungu la mwenziwe bila ya idhini yake, hata kama nia yake ni njema na hata kama fedha ameitumia kutengeneza paa. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, uuzaji wa mali ya mtu pasipo wakala wake haupiti katika kauli iliyo mashuhuri. Shangazi aliyeko Muskat ambaye hakuulizwa si mtu wa kuandikiwa ujumbe wa pole tu baada ya mlango kuondoka. Ni mwenye mali ambaye mali yake imeuzwa na asiye wakala wake, na yamkini akienda kwa kadhi akiwa na hati ya mirathi mkononi atasikilizwa kuliko kaka yake aliyepokea fedha.

Na nyumba nyingine si za mirathi, bali ni wakfu, na wakfu hauuzwi, wala haurithiwi, wala hautolewi zawadi. Aliyepewa haki ya kukaa humo hana hata ubao mmoja wa kuuza, na aliyenunua kwake amenunua kitu ambacho muuzaji hakukimiliki. Kamisheni ya Wakfu iko Unguja, na makamishna wa wakfu wako Mombasa. Na hati za zamani, kama panya na unyevu hawakuzimaliza, ziko za kutazamwa. Ajabu ni kwamba familia hutumia juhudi kubwa kuwasaka wanunuzi mitaani, ilhali hawakutumia hata asubuhi moja kutafuta karatasi ambayo pengine ingewaambia kwamba bei yenyewe, yaani mapatano ya kuuziana, ilikuwa batili tangu siku ilipofungwa.

Tuseme sasa kwamba hayo yote yamechunguzwa na bei imeonekana ni sahihi: muuzaji alikuwa mwenye mali, alikuwa na akili timamu, hakuna ikrahi, warithi wote waliridhia. Fikihi haikuwaacha watu hawa bila ya kuwafikiria, maana mafakihi walikuwa watu wa sokoni na walijua kwamba mtu hujuta. Walimpa kila mmoja wa wauziana khiyari ya majlisi, yaani nafasi ya kurejea katika neno lake maadam hawajaachana mahali walipopatania. Wakampa khiyari ya sharti, ambayo Mashafii hawaivushi siku tatu. Na juu ya hizo mbili wakaitaja ikala, nayo ni wauziana kukubali, baada ya bei kwisha kabisa, kuivunja na kurudishiana, huyu kitu chake na huyu fedha yake. Ikala si haki ya kudaiwa. Ni fadhila ya aliyenunua, na imesifiwa katika hadithi za Mtume kwamba mwenye kumwondolea mwenzake bei anayoijutia huahidiwa naye kuondolewa makosa yake. Nimekwisha kuona wafanyabiashara wa vitu vya kale wakifunga maduka yao kwa adhana na kuswali safu ya mbele, na sina shaka juu ya ibada yao. Lakini sijapata kusikia mmoja wao akimtolea muuzaji ikala juu ya mlango, na nadhani sababu si ugumu wa moyo bali ni kwamba hakuna anayewaomba. Muuzaji huja dukani kwa aibu, huuliza bei kama mnunuzi, na huondoka kama mnunuzi aliyeshindwa na bei. Kuja na kusema kwa jina lake ikala, mbele ya mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, na fedha ya kwanza ikiwa mkononi, ni jambo jingine.

Lakini ikala huja baada ya madhara. Kitu ninachokitafuta hasa ni kile kinachotangulia, na wazee wetu walikuwa nacho. Katika Unguja na Pemba ya karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mwenye shamba la karafuu au nyumba aliyehitaji fedha alikuwa na njia iliyoitwa bei khiyari: alimwuzia mwenye fedha, aghalabu mfanyabiashara wa Kihindi, mali yake kwa bei iliyotajwa na kwa muda uliotajwa, kwa sharti kwamba akirudisha fedha ile kabla ya muda kwisha, mali yake inamrudia, na katika muda huo mara nyingi alibaki humo humo katika mali yake, akilipa kodi. Kule Hadharamauti, nchi ambayo masharifu na maulamaa wake wamefungamana na Lamu kwa nasaba na elimu, kulikuwa na mapatano ya jamii hiyo hiyo yaliyoitwa bei ya uhda, na mafakihi wa Kishafii wa huko waliona njia ya kuyapitisha ijapokuwa madhehebu yao hayana khiyari ndefu, kwa kuiweka ahadi ya kurudisha nje ya mapatano yenyewe. Hayo hayakuwa mapatano ya wajinga. Yalikuwa yameandikwa na watu waliojua kwamba mwenye kuuza kwa shida hauzi kwa moyo wote, na kwamba biashara yenye akili huacha dirisha wazi kwa kadiri fulani ya wakati.

Sitaki kuyapamba. Bei khiyari ilitumiwa vibaya, na watu wa Unguja wanalijua hilo kuliko mimi. Ile kodi aliyolipa muuzaji kwa kukaa katika mali yake mwenyewe ilikuwa mara nyingi riba iliyovaa kanzu, na wako maulamaa waliolisema hilo waziwazi. Muda ulikuja kwisha kabla ya karafuu kuvunwa, au karafuu zilivunwa na bei ikawa imeanguka. Na mashamba mengi yalikwenda kwa wadai kwa njia hiyo, hata Serikali ya Kiingereza ikatoa amri mwaka 1934 ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa Wahindi, amri iliyozua uchungu wa namna yake. Basi mtu ataniuliza: vipi wataka kufufua kitu kilichowafilisi babu zetu?

Nataka kukifufua katika mahali ambapo madhara yake hayapo. Shamba huzaa, na kwa kuwa huzaa, mdai alikuwa na sababu ya kutamani muda upite. Mlango hauzai kitu. Hauna karafuu wala nazi, wala haukodishwi; kodi haina pa kusimama, na kodi ikikosa pa kusimama, riba nayo imekosa vazi. Tena mlango una sifa niliyoitaja mwanzo: kwamba kuutoa ni kuujeruhi ukuta, na kuurudisha baada ya kuutoa hakuponyi lile jeraha. Kwa hiyo mapatano ninayoyafikiria ni haya. Mnunuzi hutoa fedha yake leo, kwa bei iliyokubaliwa, na muuzaji hupeleka mgonjwa wake hospitali leo. Lakini mlango hubaki umesimama katika ukuta wake kwa muda uliotajwa, mwaka au miaka miwili, ukiwa amana mikononi mwa aliyeuza, umepigwa picha mbele na nyuma, umepimwa, na maandishi yake yamenakiliwa. Akirudisha fedha ndani ya muda, bei imevunjika na hakuna ubao uliokatwa. Akishindwa, mafundi waje na mtaimbo wao, na hapo hapana tena wa kumlalamikia mwenzake. Hati iandikwe mbele ya kadhi au sheha, nakala yake ikae na warithi wote waliotia sahihi, wanawake wakiwa miongoni mwao, na nakala nyingine ikae na mamlaka inayohusika na mji, ili muuzaji asipate kuuza mara ya pili kitu alichokwisha kukiuza mara moja. Maana na sisi wauzaji tuna hila zetu.

Wenye maduka watasema kwamba fedha inayolala mwaka mzima ukutani ni fedha iliyokufa, na kwamba hakuna mfanyabiashara atakayekubali kuwa benki ya bure ya mtaa. Ni hoja ya kweli, na sina ujanja wa kuikwepa: kurudisha fedha ile ile bila nyongeza ni hasara kwa mnunuzi, na kuongeza ni kurudi katika lile lile lililowafilisi wazee. Pengine njia ni kumlipa kwa kazi badala ya nyongeza ya fedha, yaani kwamba katika muda huo mnunuzi awe na haki ya kuunakili mlango. Mafundi wa kuchonga wangali hai Lamu, na wangali hai Unguja, na nakala nzuri ya mlango wa kweli, uliopimwa ukiwa mahali pake, ina soko lake kwa wenye hoteli ambao, tukisema kweli, wengi wao wanataka kitu cha kumfurahisha mgeni na hawaulizi kilichongwa mwaka gani. Wako watakaosema kwamba nakala ni udanganyifu. Ni udanganyifu ikiuzwa kwa jina la kitu cha kale. Ikiuzwa kwa jina lake ni kazi ya fundi aliye hai, naye ana watoto wa kulisha. Na katika miji ambako makumbusho yapo, kama Lamu na kule Ngomeni Mombasa, sioni kwa nini taasisi hizo zisiwe upande wa mnunuzi katika mapatano ya namna hii, kwani fedha inayotumika kununua kitu kilichokwisha kukatwakatwa dukani ingetosha mara nyingine kukishika mahali pake kabla hakijaguswa.

Kwa waliokwisha kuuza, na ambao bei yao haikuwa na ila ya mirathi wala ya wakfu, neno langu ni dogo zaidi, na huenda likawaudhi. Kama mlango wenu uko katika hoteli ya mtaa wa pili, na umesimama wima, na mvua haiufikii, msiende na hasira wala msiende na fedha ya kukopa. Nendeni watu wawili wa makamo, mwanamume na mwanamke, mwombe kuonana na mwenye hoteli mwenyewe na si meneja, mchukue picha ya zamani ya nyumba kama ipo, na mwombe vitu viwili ambavyo havimgharimu chochote: kwamba akiuza, awape nyinyi neno la kwanza kabla ya mtu mwingine, na kwamba ahadi hiyo aitie katika maandishi yatakayomfunga na yule atakayerithi hoteli baada yake. Wengi wao ni watu wa staha kuliko tunavyowadhania, na wengi hawajapata kuambiwa mbao zile zilitoka kwa nani. Akikubali, lipeni gharama ya mwandishi wa hati nyinyi wenyewe, na hakikisheni jina la shangazi wa Muskat limo.